Mama ameanguka mara mbili. Tumkalishe?

Swali: Shikamoo Daktari. Naandika kutoka Makorora, Tanga. Mama yangu ana miaka 74. Miezi minne nyuma aliteleza uani, akateguka kifundo cha mkono. Wiki iliyopita kaanguka tena, alfajiri, mlangoni mwa choo, ndoo ya maji mkononi. Hakuvunjika, ila ubavu wa paja wote umevilia damu. Ana presha na kisukari, dawa anameza, na usiku humeza piriton mbili apate usingizi. Kaka yetu aliyeko Dar ametoa amri: Mama asitembee tena, akae tu, aletewe kila kitu. Jirani mmoja anasema uzee ndio huo. Mwingine anasema kachezewa. Mama mwenyewe anasema, "Miguu imenikataa." Tufanyeje?

Jibu: Marahaba, dada yangu, na pole kwa kuuguza. Kwanza nikurudishie kilemba cha ukoka: mimi si daktari. Ni mtaalamu wa fiziotherapia niliyeishia kwenye utafiti wa afya ya jamii, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuingia majumbani mwa watu, hapa Tanga mjini na vijijini, kuangalia wazee wanavyoinuka, wanavyogeuka na wanavyoanguka. Ya kuandika dawa na kuzifuta nitakurudisha kwa wenyewe.

Kuna jambo la leo leo, tulimalize. Hilo paja lililovilia: Mama anakanyaga? Kama anatembea kama zamani na maumivu ni ya juu juu tu, sawa. Lakini kama akikanyaga anasikia maumivu kwenye kinena au nyonga, au anachechemea kuliko juzi, mpelekeni Hospitali ya Bombo akapigwe picha. Na kama picha haikuonyesha kitu na bado kukanyaga ni shida, rudini tena bila haya. Nyonga inaweza kupata ufa mwembamba usioonekana kwenye picha ya kwanza, mtu akautembelea siku kadhaa, kisha mfupa ukaachia. Mguu ukionekana umefupika na unyayo umegeukia nje, hapo hakuna mjadala, mfupa umevunjika. Na tafadhali asiikande mtu. Ninawajua mafundi wetu wa kukanda na baadhi wana mikono mizuri, lakini nyonga iliyopasuka si ya kukandwa.

Muulize pia kama aligonga kichwa. Kama aligonga, mtazameni kwa wiki kadhaa: kichwa kinachozidi kuuma, usingizi usio wa kawaida, maneno kuchanganyika, mkono au mguu mmoja kulegea. Kwa mzee damu huweza kuvuja polepole kati ya fuvu na ubongo, na dalili zikatokea watu wameshasahau kwamba alianguka. Akiwa anameza aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, msisubiri dalili, apelekwe akaangaliwe.

Sasa la kaka yako, maana naona ndilo linaloweza kumdhuru Mama kuliko ile ndoo. Msimkalishe.

Naijua hofu yake. Mtu yuko mbali, simu ikilia usiku moyo unamruka, na kiti kinaonekana ni mahali salama kuliko pote duniani. Lakini mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio dogo lililonifanya nisitamke tena maneno "apumzike tu". Walichukua wazee wachache wenye afya zao, wastani wa miaka 67, wakawalaza kitandani siku 10. Hawakuwa wagonjwa, hawakuvunjika kitu, walikula vizuri. Siku ya kumi walipowapima, kila mmoja kwa wastani alikuwa amepoteza karibu kilo nzima ya nyama ya miguu. Kilo moja ya nyama, ile unayoijaza kwenye mfuko buchani, imeondoka mapajani kwa kulala tu. Mama yako si mzima kama wale, na kaka yako hasemi siku kumi, anasema maisha. Mkimtii, itafika siku Mama ataanguka kwa kujaribu tu kuinuka, na hapo kaka atasema, mnaona, nilisema asitembee.

Kuhusu jirani wa "uzee ndio huo": ana robo ya ukweli. Tafiti za nchi nyingi zinarudia hesabu ileile, kwamba kati ya watu watatu waliovuka miaka 65, mmoja huanguka angalau mara moja kwa mwaka. Lakini igeuze hesabu uione kwa nyuma. Wawili hawaanguki, na wao ni wazee vilevile. Wana nini?

Swali hilo alilifuata Mary Tinetti, daktari wa wazee wa Chuo Kikuu cha Yale, katika kazi iliyochapishwa 1988 ambayo wa fani hii tunaisoma hadi leo. Aliwafuatilia kwa mwaka mzima watu 336 wa miaka 75 na kuendelea, wanaoishi majumbani mwao. Asilimia 32 walianguka. Uhondo uko ndani ya hesabu hiyo. Asiye na hata moja ya sababu alizozipima, yaani mambo kama dawa za usingizi, kumbukumbu kupungua, miguu dhaifu, matatizo ya nyayo na mwendo wa kuyumba, uwezekano wake wa kuanguka ulikuwa asilimia 8. Mwenye sababu nne au zaidi ulikuwa asilimia 78. Wote ni wazee. Kinachowatenganisha ni mzigo. Sababu moja mwili unaibeba, mbili unazibeba kwa kuhema, ya nne unaitua chini, na mwenye mwili pamoja nayo.

Mama yako nimemhesabia kwa barua yako peke yake, nimefika sita: dawa za presha, kisukari, piriton, giza la alfajiri, ndoo mkononi, na kwamba aliwahi kuanguka. Hiyo ya mwisho ni sababu kamili, kwa kuwa aliyeanguka mara moja ana hatari kubwa ya kurudia. Ukiniuliza ipi ndiyo iliyomwangusha, sina jibu, na wala hulihitaji. Habari njema ya mzigo ni kwamba huhitaji kuutua wote. Punguza miwili mitatu, mwili utajibebea uliobaki.

Wa kuchezewa msigombane naye, ni jirani. Ila mwulizeni huyo mchezeaji kwa nini anapenda sana sakafu zilizolowa.

Waswahili tunasema kujikwaa si kuanguka, na mimi naona aliyesema hivyo alikuwa mtaalamu wa fiziotherapia bila cheti. Kijana akijikwaa kwenye jiwe pale Ngamiani, mguu wa pili unarukia mbele kabla hajajua, mikono inafunguka, anamalizia kwa kulitukana jiwe. Kilichomwokoa ni nyayo, macho na sikio la ndani kupeleka habari mapema, ubongo kuamua upesi, na paja kuwa na nguvu ya kutupa hatua moja ya ghafla. Sasa mchukue Mama. Kisukari cha miaka kinatia ganzi nyayoni, habari inachelewa. Piriton bado imo mwilini, uamuzi unachelewa. Paja limepungua, hatua inatoka fupi. Mikono, ambayo ingeshika ukuta, imeshika ndoo. Ni kujikwaa kulekule, ila sasa ni kuanguka. Mama aliposema miguu imemkataa ametoa taarifa sahihi kuliko kaka na majirani wote wawili, isipokuwa miguu haikukataa peke yake.

Kwa miaka mingi sisi watafiti tulitegemea maelezo ya aliyeanguka, na aliyeanguka mara nyingi hajui kilichotokea. Alikuwa amesimama, kisha yuko chini. Ndipo Stephen Robinovitch na wenzake huko Kanada walipofunga kamera kwenye kumbi za makao mawili ya wazee, wakanasa matukio 227 ya watu 130, wakayachapisha 2013. Wengi tulitarajia kuona watu wakiteleza. Kuteleza kulikuwa asilimia 3. Sababu iliyoongoza, kwa asilimia 41, ilikuwa kuhamisha uzito vibaya: mtu anageuka, anainuka, anaketi, ananyoosha mkono kufuata kitu, kiwiliwili kinatangulia na miguu inabaki nyuma. Makao yale hayana choo cha uani kilichomwagiwa maji, kwa hiyo ile asilimia 3 usiihamishie Makorora kama ilivyo. Lakini kile cha kugeuka, dada yangu, nimekiona kwa macho yangu.

Shangazi yangu alikuwa na nyumba Ngamiani, Barabara ya 12. Alipoanguka mara ya kwanza alipelekwa kituo kimoja cha afya, sitakitaja, akapigwa picha, akapewa vidonge vya maumivu, akarudishwa nyumbani. Hakuna aliyemwuliza umeangukaje. Wala mimi, mtaalamu mzima, sikuuliza, nilimpelekea machungwa. Alipoanguka mara ya pili ndipo nilipokwenda kulala kwake, na jioni nikamwambia: Shangazi, usinieleze, nionyeshe.

Akapanda kitandani akajifunika. "Nimesikia adhana," akasema, na papo hapo akakaa, maana mkojo ulikuwa unambana. Neti ilikuwa imechomekwa chini ya godoro pande zote nne. Akaivuta kwa mkono wa kushoto, akatoa miguu, kidole gumba kikanasa kwenye pindo la neti. Akakinasua. Akapapasa sakafuni kwa nyayo kutafuta ndala. Moja akaivaa, ya pili ilikuwa imepinduka chini ya kitanda, akaiacha. Akasimama. Khanga ikalegea, mkono mmoja ukawa wa khanga mpaka mwisho wa safari. Kizingiti cha mlango wa chumba akakivuka kwa mazoea, hakukitazama. Ukumbini hakuwasha taa, kwa sababu swichi iko upande wa pili na umeme ni wa kuhesabiana. Uani akachota maji pipani, akajaza ndoo hadi shingoni, akaiinua kwa ule mkono uliobaki, kisha akageuka kuelekea mlango wa choo. Kiuno kiligeuka. Miguu haikugeuka. Ile ndala moja ilibaki imeelekea pipani.

"Hapa," akasema, amesimama hivyohivyo amejipinda. "Hapa ndipo dunia huzunguka."

Nilikuwa na mashine ya presha mkobani. Amelala ilikuwa 148 ya juu. Dakika moja baada ya kusimama ilikuwa 121. Vidonge vyake vya presha alikuwa anavimeza vyote pamoja usiku, kimojawapo cha kukojoza, ndiyo maana kibofu kilimkimbiza alfajiri. Na ili kibofu kisimkimbize alikuwa hanywi maji tangu alasiri, katika joto hili letu la kaskazi, jambo lililozidi kuishusha presha. Yote haya yalikuwa yanaonekana kwa mtu yeyote ambaye angekaa pembeni ya kitanda chake dakika tano.

Basi mfanyieni Mama vivyo hivyo. Iwe mchana, mmoja wenu awe karibu yake, mwambieni aonyeshe safari nzima kutoka mto hadi choo. Msimsahihishe katikati. Angalieni tu.

Kisha dawa. Hizi ndizo ningeanza nazo kwa sababu ni kazi ya siku moja. Kusanya kila anachomeza, cha hospitali, cha duka la dawa, cha kuletewa na mkwe, na mitishamba, vyote kwenye mfuko mmoja, uende navyo kliniki ya presha na kisukari. Usitaje majina kwa kichwa. Mwaga mfuko mezani. Omba Mama apimwe presha akiwa amelala dakika tano, kisha akiwa amesimama dakika ya kwanza na ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, sema wazi kwamba ameanguka mara mbili, na uliza kama dozi au saa za kumeza zinaweza kubadilishwa. Msiziache wenyewe nyumbani. Presha isiyotibiwa nayo huangusha, ila huangusha kwa kiharusi. Kwenye kisukari, uliza hasa kama anatumia glibenklamidi, kwa sababu dawa hiyo kwa mzee aliyekula kidogo usiku huweza kuishusha sukari kupita kiasi, na mtu huamka ametota jasho, anatetemeka, haoni vizuri.

Piriton sasa. Piriton ni dawa ya mzio. Kusinzia ni madhara yake, watu wakayageuza matumizi. Kwa mzee huchelewesha akili na hatua, hukausha mdomo, hufanya mkojo kuwa mgumu kutoka, na asubuhi bado haijaondoka mwilini. Vidonge vya usingizi vya diazepamu ni hivyohivyo na zaidi, ila hivyo kama mtu amevizoea vipunguzwe polepole chini ya daktari, visikatwe ghafla. Nakuonya mapema kwamba Mama atakupigania hapa. Kuna jaribio la New Zealand lililochapishwa 1999, wazee waliokuwa wakitumia dawa za usingizi na jamaa zake walipunguziwa polepole bila kujua, na kuanguka kukapungua kwa asilimia 66. Sijaona kidonge kinachopewa mtu kikafanya hivyo. Lakini mwezi mmoja baada ya utafiti kwisha, karibu nusu ya waliomaliza kuziacha walikuwa wamezirudia. Usingizi ni mtamu, na usiku wa mzee ni mrefu. Kwa hiyo usimnyang'anye piriton ukamwacha na dari. Asilale mchana kutwa, chai ya rangi ya jioni ipungue, na jua la asubuhi alipate barazani.

Macho mpimisheni. Wazee wengi wa pwani wanatembea na mtoto wa jicho wakidhani ni ukungu wa umri. Jaribio la Uingereza la 2005 lilionyesha kwamba wanawake wa zaidi ya miaka 70 waliofanyiwa upasuaji wa jicho la kwanza mapema walipunguza kuanguka kwa asilimia 34. Akipewa miwani mpya, wiki za kwanza atembee kwa tahadhari zaidi, kwani ardhi huonekana imehama.

Nyumbani, msianze kununua vitu. Anzeni kutoa. Ndoo iwe kubwa ya kudumu ndani ya choo, ijazwe na mtu mwingine usiku, Mama aende na mikono mitupu. Neti upande wa kushukia isichomekwe kwa nguvu, au ifungwe ya duara inayofunguka mbele. Ndala zilizolika nyayo zitupwe, apate viatu vya kufunga kisigino. Taa ndogo ya sola ukumbini iwake usiku kucha. Akubali chombo cha haja ndogo chumbani kwa usiku. Msikiite poti, na kisisafishwe na wajukuu wanaocheka. Kwenye sakafu ya choo, fundi apige saruji ya juu ya sentimita chache aichore mistari kwa mwiko kabla haijakauka, kisha achimbie kipande cha bomba la chuma ukutani, kimo cha mkono wa Mama akiwa amechuchumaa, apate pa kushika kwa kuinuka. Tailizi zinazong'aa, zile anazotamani kaka kumwekea Mama kwa mapenzi, chooni ziwe marufuku. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotolewa 2023 yalikuta kwamba kurekebisha nyumba kunapunguza kuanguka kwa asilimia 38 kwa wale wenye hatari kubwa, kama walioanguka karibuni. Kwa wasio na hatari hakukubadilisha kitu. Ninyi mko kundi la kwanza, kwa hiyo saruji hiyo haitapotea.

Nikifika kwenye mazoezi nitachukua nafasi, kwa sababu hapa ndipo ilipo dawa ambayo hakuna anayekuandikia. Mwaka 2019 mtafiti Catherine Sherrington na wenzake walikusanya majaribio 108 ya watu zaidi ya 23,000 wa miaka 60 na kuendelea. Mazoezi yalipunguza kuanguka kwa asilimia 23. Siyo mazoezi yoyote. Yaliyofanya kazi ni yale yanayoitikisa balansi na kuiga kazi za kila siku: kuinuka, kugeuka, kupanda, kunyoosha mkono. Kutembea peke yake, ile "awe anazunguka zunguka mtaani kidogo", hakukuthibitisha faida hiyo.

Mpime kwanza. Kiti kigumu kisicho na magurudumu, mgongo wake umeegeshwa ukutani. Mama akae, mikono ameikunja kifuani, asimame kamili na kuketi, arudie kwa sekunde 30, wewe ukihesabu na simu ikitaja muda. Mwanamke wa umri wake akifanya pungufu ya mara 10, miguu iko chini ya inavyopaswa. Akishindwa bila kushika, hesabu ni sifuri, na sifuri hiyo isiwavunje moyo. Ni mahali pa kuanzia. Kipimo cha pili: ainuke kitini, aende mita 3, ageuke, arudi aketi. Sekunde 12 au zaidi ni taa nyekundu. Andika tarehe na namba ukutani, penye kalenda.

Mazoezi yenyewe ni vipimo hivyohivyo vikirudiwa. Kuinuka na kuketi mara tano, apumzike, tano tena. Kusimama mbele ya ukuta, vidole vikigusa kidogo tu, kuinua visigino taratibu na kushusha taratibu zaidi. Kusimama kisigino cha mguu mmoja mbele ya vidole vya mwingine, sekunde 10, kisha kubadilisha. Kutembea kiubavu kando ya ukuta wa ukumbi, kwenda na kurudi. Na kugeuka kwa hatua ndogo ndogo, nne tano, miguu ikitangulia kiuno, mpaka liwe zoea hata akiwa na haraka. Siku tatu kwa wiki, mtu amesimama karibu. Akiweza kuyafanya huku anapiga soga bila kutikisika, yamekuwa mepesi, punguza ukuta. Bombo muulizie fiziotherapia wamwone mara moja au mbili, wampange kulingana na nyayo zake na lile goti ambalo bila shaka linamuuma ingawa hukuliandika. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, basi pitia dirisha la wazee, na beba kitambulisho.

Kama Mama bado anaswali kwa kurukuu na kusujudu, msiharakishe kumletea kiti eti anaonekana anachoka. Hesabu mwenyewe ni mara ngapi kwa siku anashuka hadi sakafuni na kuinuka. Hakuna kliniki itakayompa mazoezi kama hayo mara tano kila siku bila kuandikiwa. Ruhusa ya kukaa ipo kwa asiyeweza, na hiyo aulizwe shehe, si mimi; nasema tu asiichukue kabla ya wakati. Wekeni kiti kizito pembeni ya mswala, ashike akiinuka. Hali kadhalika mbuzi ya nazi. Dada, mwache akune.

Watakuja kukuuzia vidonge vya mifupa. Mwaka 2010 huko Australia wanawake wa miaka 70 na zaidi walipewa dozi moja kubwa mno ya vitamini D kwa mwaka, na walioipata walianguka zaidi kuliko waliopewa kidonge kitupu. Kama daktari amempima akakuta upungufu, ameze kadiri alivyoandikiwa. Vinginevyo dagaa, mayai na jua la barazani.

Kitu kimoja ambacho familia nyingi hazikifanyi ni kumfundisha mzee kuinuka kutoka chini. Huko Cambridge, Uingereza, watafiti waliwafuata kwa mwaka mmoja watu waliovuka miaka 90; kati ya walioanguka, asilimia 30 walilala sakafuni saa nzima au zaidi. Sakafu yenyewe hudhuru: misuli inapondeka kwa uzito wa mwili, mtu anaishiwa maji, ngozi inachubuka. Mazoezi haya yafanyeni mchana juu ya godoro. Atulie kwanza, asikurupuke. Ajigeuze ubavu. Ajiinue kwa viwiko hadi apige magoti na mikono. Atambae hadi kwenye kiti au kitanda. Mikono juu ya kiti, mguu wenye nguvu akanyage mbele, asukume, ageuke, aketi. Ninyi msimvute kwa mikono, mleteeni kiti. Usiku filimbi ya mwamuzi ifungwe kwenye nguzo ya kitanda, kwani sauti ya mtu aliye chini haivuki ukuta.

Na atakuwa na hofu. Baada ya kuanguka mara mbili atafupisha hatua, atashika shika kuta, ataacha kwenda msibani na harusini, atasema hana hamu. Hofu hiyo humkalisha mtu bila amri ya kaka. Msimcheke wala msimwambie "jikaze". Mtu amsindikize mara ya kwanza, ya pili, ya tatu amfuate kwa nyuma, ya nne amtazame kutoka barazani.

Kaka yako msimpinge kwa simu, hamtamshinda. Anaogopa, na mtu anayeogopa hapimi hoja. Mpeni kazi. Saruji, bomba, taa ya sola, viatu na mashine ya presha ni vitu vya kulipiwa na mtu aliyeko Dar. Kisha aje alale usiku mmoja, na alfajiri aketi pembeni ya kitanda cha Mama, asiseme neno, amtazame anavyotoka kwenye neti.

Niandikie tena ukishapata namba nne: presha amelala, presha amesimama, ameinuka mara ngapi kwa sekunde 30, na sekunde za kwenda na kurudi zile mita 3. Ndoo itoeni leo kabla ya Magharibi.